Uliza Maabara: Panya, friji na letusi kule juu kwenye kituo cha anga

Toleo lililopita nilidokeza tu kwamba ISS, kile kituo cha kimataifa kinachozunguka dunia kilomita kama 400 juu yetu, ndani yake kuna maabara ya baiolojia yenye panya, mimea kama letusi, friza na mashine ya kusoma DNA. Basi meseji zimemiminika mpaka simu inapata moto. Nimechagua chache, zilizofanana nimeziunganisha, na wale mliouliza kama viumbe wa sayari nyingine wapo mnisamehe, hiyo sio idara yangu.

Shikamoo Anti. Niko form five PCB Morogoro. Tumebishana bwenini, mwenzangu anasema panya hawawezi kuishi angani kwa sababu mkojo utaelea watauvuta puani wafe, mimi nasema kama NASA wamewapeleka basi wanaishi. Nani mkweli, na hilo banda lao likoje? (Jimmy)

Marahaba mwanangu. Umeshinda wewe, ila hoja ya mwenzako ni nzito kuliko yako, maana suala la mkojo ndilo linalofanya banda la panya wa angani liwe vile lilivyo.

Kabla ya banda tuweke jambo moja sawa. Wengi wanadhani kule hakuna mvutano wa dunia. Upo, tena kwa kimo kile ni kama asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Ila kituo na kila kilichomo vinaanguka pamoja muda wote huku vikikimbia mbele kwa kilomita kama 28,000 kwa saa, kwa hiyo vinaikosa dunia kila mara, na ukiwa unaanguka pamoja na sakafu yako hiyo sakafu haikubebi tena, unaelea. Kwa panya maana yake ni kwamba hakuna chini. Maranda hayakai, maji hayakai kwenye kibakuli, chakula hakikai kwenye sahani na mavi hayaanguki.

Sasa banda lenyewe, lile la NASA linaitwa Rodent Habitat, walilitengeneza watu wa Ames, kituo chao cha utafiti kule California, na likapanda kwa mara ya kwanza Septemba 2014 na panya 20. Badala ya maranda kuna wavu kwenye kuta ili mnyama apate pa kushika. Chakula kimeshindiliwa vipande vikabandikwa ukutani, wanakitafuna hapohapo. Maji yanasukumwa kwa presha mpaka kwenye nipeli kama za kuku wa kisasa, panya akiigusa kwa ulimi inaachia tone. Na kuhusu mkojo jibu ni feni. Hewa inaingizwa upande mmoja, inapita ndani ya banda, inatokea upande wa pili kwenye filta, inapita mchana na usiku bila kupumzika, inabeba mkojo na mavi na manyoya inayabandika kwenye filta, na harufu inanaswa hukohuko maana wanaanga wanalala jirani na hawana dirisha la kufungua. Hiyo feni ikizima, mwenzako wa bwenini anakuwa mkweli.

Kuna taa za kuwapangia usiku na mchana, na kamera zinazoona hata gizani. Kupitia hizo kamera waliona kituko kimoja: panya wadogo walipokaa wiki moja hadi siku kumi hivi walianza kukimbia kuzunguka kuta za banda, duara baada ya duara, mwanzo mmojammoja baadae wakawa kundi. Ripoti ilitoka 2019 na mpaka leo wanabishana kama ni mazoezi, ni msongo wa mawazo, au ni panya kutafuta hisia ya uzito mwilini ambayo wameikosa. Mimi nawapigia kura wanaosema la tatu, lakini kura yangu haina uzito wowote.

Na usidhani huwa inakwenda vizuri kila mara. Aprili 2013 Warusi walirusha chombo cha Bion-M1 kikakaa juu siku 30, kisicho na mtu ndani. Kati ya panya 45 zaidi ya nusu walikufa, na jerbili (panya wa jangwani) wote 8, na tatizo kubwa lilikuwa vifaa vya kuwahudumia kuharibika hukohuko juu ambako hakuna fundi wa kushika bisibisi.

Salaam aleikum dada'angu. Mie niko lab ya hospitali hapa Mombasa. Nimesoma kwamba kule wana sentrifiuji za kuweka mpaka wanyama ndani. Ya damu naielewa, hii ya wanyama ndo sijaielewa. (Swaleh)

Waaleikum salaam kaka. Tuanze na ya damu kwa faida ya wengine: sentrifiuji ni mashine inayozungusha kitu kwa kasi mpaka kijisikie kizito, na kwenye damu seli zinasukumwa chini ya tyubu. Wewe unajua kile kipimo cha ESR, unasimamisha tyubu ya damu unasubiri saa 1 unasoma seli zimeshuka kiasi gani. Kule haiwezekani, seli hazina pa kushukia, ungesubiri mwaka. Kwa hiyo ukitaka plazma, yale maji ya damu bila seli, ni lazima mashine izungushe, na 2005 walipelekewa sentrifiuji yenye ubaridi kwa ajili ya sampuli za wanaanga wenyewe. Hiyo haina tofauti kubwa na yako hapo kazini.

Hii ya wanyama ndo tamu. Fikiria umepeleka panya juu, amekaa mwezi, amerudi misuli imenywea na mifupa imepungua uimara. Utasema ni kuelea. Lakini mtu mbishi atakuuliza, je kama ni mtikisiko wa roketi? Kama ni mionzi, maana kule juu mionzi ni mingi? Kama ni kelele za mafeni, au hewa ya kituo yenye kabonidayoksaidi nyingi kuliko ya kwetu? Wewe ulibakisha panya wengine duniani kama kontroli, yaani wa kulinganisha nao, sawa, ila hao hawakupanda roketi na hawakupigwa mionzi, kwa hiyo kontroli yako ina matobo.

Wajapani waliziba hayo matobo. Kwenye maabara yao ya Kibo kuna mashine yenye sehemu mbili, moja imetulia na nyingine inazunguka kwa spidi ambayo mnyama aliye ndani anajisikia mzito kama yuko nyumbani. 2016 walipeleka panya dume 12, kila mmoja na kijumba chake, 6 wakaelea na 6 wakazungushwa, siku kama 35, na wote 12 wakarudi hai. Wote walipanda roketi ileile, wakavuta hewa ileile, wakapigwa mionzi ileile. Walioelea walipoteza misuli na mifupa, waliozungushwa hawakupoteza. Hapo mbishi hana pa kushika tena.

Kwa maoni yangu hicho ndo kifaa muhimu kuliko vyote vya baiolojia walivyonavyo kule, na ndo maana inauma kwamba walikuwa wajenge kubwa zaidi. Kulikuwa na mpango wa chumba kizima cha sentrifiuji, rota yake mita 2.5, Wajapani wakaanza kukijenga kwa ajili ya ISS, 2005 mpango ukafutwa, na kile chumba kiko Tsukuba, Japani, nje kwenye uwanja watalii wanakipiga picha. Wazungu wa Ulaya nao wana kadogo kanaitwa Kubik, kaboksi ka sentimita kama 37 kila upande, ni inkubeta ya kuanzia nyuzi 6 hadi 38 na ndani ina kisentrifiuji cha seli na wadudu wadogo. Kazuri, ila panya haingii.

Habari dada. Mimi ni fundi friji Kahama miaka mingi. Ulisema wana friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Nataka kujua wanatumia gesi gani na kompresa inakaaje kwenye sehemu isiyo na chini wala juu. (Fundi Masanja)

Nzuri fundi, na hili swali nimelipenda kuliko yote. Wewe ndo unajua kwa nini friji ikisafirishwa kwa kulazwa unamwambia mteja aisimamishe asubiri kabla ya kuchomeka, mafuta ya kompresa yarudi yanakokaa. Sasa sehemu ambayo mafuta hayajui yakae wapi hiyo staili inakuwa ya mashaka, na hata gesi inayogeuka maji kisha inageuka mvuke inasumbua, kwa sababu mvuke na maji havitengani vyenyewe.

Friza yao kubwa inaitwa MELFI, waliitengeneza Wazungu wa shirika la anga la Ulaya, ilipanda Julai 2006 na shuttle ya Discovery. Ndani inatumia naitrojeni, hii hewa tunayovuta kila siku, na haigeuki maji hata mara moja, inabaki gesi mwanzo mwisho. Inashindiliwa, ikipata moto inapozwa na bomba la maji la kituo, halafu inaachiwa itanuke kwenye tabo ndogo inayozunguka makumi elfu ya mara kwa dakika, ikitanuka hivyo inapoa sana, inapelekwa kupoza makabati. Yako manne, kila moja unaweza kuliwekea nyuzi zake, lingine 4, lingine 26 chini ya sifuri, lingine 80 chini.

Lile joto lililotolewa nalo haliwezi kuachiwa nyuma ya friji likapanda lenyewe kama hapa kwetu. Hewa moto kule haipandi. Ukiacha mashine bila feni, joto linakaa palepale linaizunguka mpaka inaungua. Kwa hiyo maji ya kituo yanalibeba, yanalikabidhi kwa amonia inayozunguka kwenye mabomba ya nje, na amonia inakwenda kulitupa angani kupitia yale mapaneli meupe mnayoyaona kwenye picha. Amonia nadhani unaijua, viwanda vya barafu na samaki vinaitumia.

Anti mimi nauliza kifupi, kemikali wanachanganyaje bila kumwagika? (Akinyi, Kisumu)

Kifupi, hawafungui chupa. Kuna bomba dogo la kioo, kwa jina FPA, lina vizibo vya mpira kadhaa ndani vinavyoligawa vyumba, chumba kimoja seli au bakteria, kinachofuata chakula chao, cha mwisho dawa ya kuwagandisha jinsi walivyo. Kioo sehemu moja kimevimba kidogo ubavuni. Ukisukuma kwa nyuma, kizibo kikifika kwenye ule uvimbe kimiminika kinapita pembeni yake kinaingia chumba cha mbele, vinachanganyika, hakuna tone lililotoka. Manane kati ya hayo yanaingia kwenye chombo kimoja chenye mpini, mwanaanga anazungusha mpini kwa mkono, yote nane yanachanganya kwa pamoja. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, na mimi naipenda sana kwa sababu hiyo.

Kwa dawa kali kama fomalini masharti ni vizuizi vitatu, yaani kizuizi ndani ya kizuizi ndani ya kizuizi, maana tone moja likitoroka haliendi sakafuni ukalifuta, linatembea chumbani mpaka likutane na jicho la mtu. Ukilazimika kufungua kitu unafungulia kwenye boksi lenye glavu, hewa yake inavutwa ndani na kuchujwa. Boksi jipya la baiolojia lilipanda 2018 na linaruhusu watu wawili kufanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja na upande wake.

Ila cha kushangaza pipeti, kile kidude cha kunyonya na kudondosha vimiminika kidogokidogo, inafanya kazi. Maji yanajishika yenyewe na yanaushika ukuta wa kitobo, kwa hiyo ukiwa mtaratibu unaweza kudondosha kwenye sahani yenye vitobo vidogovidogo hata ikiwa wazi na yakabaki. Adui ni kipovu cha hewa, kikiingia kwenye sirinji hakipandi juu, kinakaa katikati kimenuna, ukigonga kwa kidole kama nesi hakisikii.

Mimi nina bustani ya mboga Arusha nauza hotelini. Umesema wanalima letusi. Wanamwagiliaje na mizizi inajuaje iende wapi? (Mama Neema)

Mama Neema, wana kaboksi ka kulimia kanaitwa Veggie, kalipanda 2014, taa za LED nyekundu na bluu na kijani kidogo, na pembeni yake ni kitambaa cha plastiki kinachokunjika. Hakuna udongo, kuna vimito vidogo vya kitambaa vimejazwa chembe za udongo wa mfinyanzi uliochomwa pamoja na mbolea inayoachia taratibu. Mbegu imebandikwa kwa gundi kwenye utambi ikiwa imeelekezwa kabisa, upande wa mzizi uangalie ndani ya mto, kwa sababu haina namna ya kujua chini ni wapi. Jani lenyewe linafuata taa. Maji yanaingizwa kwa sirinji na utambi unayanyonya.

Na maji ndo yalitaka kuwaaibisha. Letusi nyekundu ya mwanzo haikuliwa, ilirudishwa duniani ikapimwe vimelea kwanza, ya pili ndo wakaila tarehe 10 Agosti 2015, wanaanga watatu, kwa mafuta ya zeituni na siki. Baada ya hapo wakapanda maua ya zinia, unyevu ukazidi, majani yakakunjamana, ukungu ukaingia. Ratiba ya kumwagilia ilikuwa inatoka chini duniani, siku fulani mpe kiasi fulani. Mwanaanga Scott Kelly akawaambia jamani mimi ndo nayaona, niachieni, nitamwagilia nikiona yanahitaji. Wakamwachia, na Januari 2016 likachanua. Wewe na wateja wako wa hoteli mngewaambia hilo bure.

Baadae wakapeleka kabati lingine la kisasa, 2017, sensa zaidi ya 180 ndani, linajimwagilia lenyewe, na 2021 likatoa pilipili. Lakini jaribio lililonigusa mimi ni rahisi kuliko yote hayo: Novemba 2022 maabara za pamoja za FAO na IAEA zilipeleka mbegu za mtama, mtama huuhuu wa Dodoma na Singida, pamoja na kammea kadogo ka maabara kanakoitwa Arabidopsis. Nyingine zilikaa ndani ya kituo, nyingine nje kabisa kwenye baridi na mionzi, zikarudi Aprili 2023 zipandwe waangalie kama kuna mche uliobadilika ukawa mvumilivu zaidi. Kifaa chenyewe ni pakiti za mbegu. Hakuna pampu, hakuna feni, hakuna cha kuharibika.

Mada nzuri lakini niseme ukweli, hospitali ya kwetu hata vitendanishi hakuna halafu tunasoma habari za panya wa mabilioni. Inatusaidia nini? (Mdau, Dar)

Hasira yako naielewa na sitakuletea ile hotuba ya kwamba teknolojia ya anga huwa inashuka kwetu. Nikupe mfano uliokwenda kinyume. Agosti 2016 Kate Rubins alisoma DNA kule ISS, mara ya kwanza mtu kufanya hivyo angani, kwa kimashine kinaitwa MinION kinachoingia kiganjani na kuchomekwa kwenye laptopu. Kimashine hicho mwaka mmoja nyuma, 2015, kilikuwa Guinea kwenye mabegi ya wataalamu wanasoma virusi vya Ebola. Baadae watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya wakakitumia shambani kutambua virusi vya mihogo, batobato na michirizi kahawia, mkulima anaambiwa majibu bila sampuli kupelekwa nje ya nchi. Kwa hiyo kilifanya kazi Afrika kwanza kisha kikapanda. Kinachofaa kijijini kusiko na umeme wa uhakika kinafaa kule juu pia, kidogo, chepesi, hakihitaji fundi. Vitendanishi vya hospitali ni suala la bajeti na usimamizi na hapo uko sahihi, endelea kupiga kelele.

Assalaam aleikum. Mimi mwalimu wa baiolojia Unguja. Wanafunzi wangu wanataka kufanya kitu cha vitendo, je inawezekana bila roketi? (Mwalimu Time)

Waaleikum salaam mwalimu. Inawezekana. Kuna kifaa kinaitwa klinostati, kinazungusha mmea taratibu kwenye mhimili uliolala, mvutano unabaki palepale ila mwelekeo wake unabadilika kila sekunde, mzizi unachanganyikiwa unashindwa kuamua chini ni wapi. Ofisi ya anga ya Umoja wa Mataifa kule Vienna ilianza kugawa klinostati kwa shule na vyuo 2013, kwa hiyo waandikieni muulize kama bado wanagawa, hamtakuwa wa kwanza Afrika, Nigeria walishapata. Waambie pia watoto kwamba setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa Mei 2018 kutoka hiyohiyo Kibo ya panya, ili wasione kama ni mambo ya mbali.

Mkitaka kujitengenezea, nendeni kwa mafundi mkatafute mota ya sahani ya microwave mbovu, ile inayozunguka mara 5 au 6 kwa dakika, mota ya feni inakimbia mno itawarusha choroko ukutani. Sahani ya plastiki yenye mfuniko, pamba iliyoloweshwa na kukandamizwa vizuri, choroko zilizoanza kutoa kimzizi mzipange zikiangalia upande mmoja, mfungie kwenye mota ikiwa imesimama wima kama gurudumu la baiskeli. Sahani ya pili mfanye vilevile na muisimamishe pembeni isizunguke, bila hiyo mtakuwa hamjathibitisha chochote, muulizeni Swaleh hapo juu. Funikeni zote mbili zisione mwanga ili mzizi na shina visiongozwe na taa, mziache siku mbili tatu, msiruhusu pamba ikauke.

Angalizo ni umeme. Mota nyingi za hivyo zinakula umeme wa ukutani moja kwa moja, kwa hiyo nyaya afunge fundi na maji yasiguse. Na ukiiwasha mara nyingine inaanza kulia, mara nyingine kushoto, ndivyo zilivyo, haiharibu jaribio.